Kijiji kilichoikataa reli: kisa cha njia ya El Mirador

Asubuhi ya Carmelita, kijiji cha msituni nchini Guatemala, huanza na baghala. (Wengi wa bara humwita nyumbu, lakini jina hilo humleta pia yule mnyama wa Serengeti, hapa namsema mtoto wa punda na farasi.) Mwenye baghala humtandika magunia mgongoni, kisha anapakia pande mbili: huku mahema na masufuria, huku madumu ya maji na boksi la mayai. Anarudi nyuma hatua mbili, anautazama mzigo ulivyolala, halafu anaukaza kwa kuegemeza goti ubavuni mwa mnyama na kuvuta kamba. Upande mmoja ukizidi mwingine, baghala atapata donda kabla jua halijafika utosini. Na mbele yao ni siku tano bila duka, bila gari, bila hata mto wa kuteka maji. Ardhi ya huko ni mawe ya chokaa na mvua yote huzama chini. Maji ya msafiri ni yale yaliyopakiwa, au ya mvua yaliyokingwa kambini.

Carmelita ni mwisho wa barabara ya vumbi itokayo mji wa Flores, katika jimbo la Petén, kaskazini mwa Guatemala. Kutoka hapo, mwendo wa kilomita 40 hivi kuelekea mpaka wa Mexico, kuna El Mirador, mji wa Wamaya uliokuwa umenawiri karne kadhaa kabla ya Kristo. Anayetaka kuuona huenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, kwa kawaida siku tano au sita zote pamoja. Mwenye fedha nyingi hukodi helikopta. Njia ya tatu haipo.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndani ya miaka 20, mara mbili ulikuja mpango mkubwa wa kuubadili msitu huu na utaratibu wake, na mara zote mbili ulikuja kwa jina la kuuhifadhi. Mara zote mbili watu wa Carmelita na wenzao wa vijiji vya msituni walikataa, na mara zote mbili mpango ukafa. Wapo waliowaona kama watu wanaokimbia maendeleo. Mimi nasema tangu mwanzo kwamba walikuwa na haki, na kwamba sababu za haki hiyo mtu anaweza kuzisoma katika njia yenyewe akiitembea kwa makini.

Njia ya wagema utomvu

Siku ya kwanza ni kwenda El Tintal, magofu mengine makubwa ambako misafara hulala. Njia hukatiza mabonde tambarare ya udongo wa mfinyanzi ambayo wenyeji huyaita bajo. Mvua zikikolea, kuanzia Juni hadi karibu na mwisho wa mwaka, mabonde hayo hujaa, na tope humfika baghala tumboni. Kiangazi, Februari hadi Mei, tope lile lile hukauka, na kila ulipokanyaga ukwato hubaki shimo gumu kama saruji. Hapo ndipo vifundo vya miguu huteguka. Kupe hawakosekani. Juu ya miti kima wangurumaji hukoroma kwa sauti ambayo mgeni hudhani ni ya simba.

Njiani mtu ataona mashina yenye makovu: mistari ya mshazari, kushoto na kulia, inayopanda kutoka chini hadi juu kabisa karibu na matawi. Huo ni mti wa chicozapote, na makovu ni kazi ya wagema. Mgema hujifunga kamba kiunoni na kuizungusha kwenye shina, hupanda akikata gome kwa panga, mkato mmoja ukilisha mwingine, na utomvu mweupe huteremka mkato kwa mkato hadi kwenye mfuko uliofungwa chini ya shina. Kazi hii hufanywa wakati wa mvua, utomvu unapotiririka. Jioni huchemshwa katika sufuria kubwa, hukorogwa mpaka uwe mzito, kisha humiminwa katika kalibu na kuwa matofali. Mti uliogemwa huachwa miaka kadhaa upone. Utomvu huo ni chikle, na ndio uliotengeneza chingamu za viwandani, zile tunazoziita bigijii, kabla viwanda havijahamia kwenye malighafi ya petroli.

Nakaa hapa kwa sababu kisa chote kimesimama juu ya makovu haya. Carmelita ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 kama kambi ya wagema. Njia za msituni zilifunguliwa kwa panga zao na kukanyagwa na baghala wao. Ian Graham, Mwingereza aliyefika El Mirador mwaka 1962 na kuchora ramani yake ya kwanza, aliingia kwa njia hizo. Kwa hiyo mtalii anaposema anapita katika msitu ambao haujaguswa na mtu, anakosea kwa vizazi vinne. Ni mahali pa kazi. Umeguswa kila mwaka, na bado umesimama.

Siku ya pili njia hukutana na kitu cha kale zaidi. Wamaya walijenga barabara za tuta zilizopigwa chokaa nyeupe, wakaziita sakbe, yaani njia nyeupe. Ile iliyounganisha El Mirador na El Tintal ilikuwa pana hadi mita 40 mahali pengine, ikainuliwa juu ya kinamasi ili watu wapite wakati wa mvua. Leo ni tuta lililoota miti, na asiyeonyeshwa hulipita asijue. Upimaji kwa miale ya leza kutoka angani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, ulionyesha kilomita 177 za barabara za aina hiyo katika eneo la Mirador na Calakmul, magofu mengine ya Wamaya upande wa Mexico, na mamia ya miji na vijiji vilivyofunikwa na miti.

Halafu kuna La Danta. Inainuka mita 72 kutoka sakafu ya msitu, majukwaa juu ya majukwaa, na kileleni piramidi tatu zinazotazamana, moja kubwa na mbili ndogo. Ujazo wake hukadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 2.8, na ni miongoni mwa majengo makubwa kuliko yote yaliyowahi kuinuliwa na wanadamu wa kale. Sehemu kubwa bado ni kilima chenye miti. Mtu hupanda kwa ngazi za mbao hadi kwenye mawe ya kilele, na akifika juu huona kijani pande zote hadi upeo wa macho, hakuna bati, hakuna barabara, hakuna moshi wa shamba. Vilima viwili vitatu huchomoza kwa mbali, navyo pia ni piramidi.

Chokaa na kuni

Mimi ni mtu wa pwani, na jambo hili lilinishika. Tanuu la chokaa la kwetu hupangwa kwa magogo katika duara, katikati huachwa tundu la moto, na juu hurundikwa mawe ya matumbawe. Moto ukizimika, mawe yaliyoiva huachwa yanyeshewe mpaka yawe unga. Wamaya walichoma mawe yao ya chokaa vivyo hivyo: duara la magogo, tundu katikati, mawe juu. Watu wa bahari mbili ambao hawakuwahi kuonana walifika kwenye ufundi mmoja. Na aliyewahi kusimama karibu na tanuu anajua linavyokula kuni. Mzigo wa magogo hupotea, na kinachobaki ni lundo jeupe la kupaka kuta za nyumba chache.

Mwanaakiolojia wa Kimarekani Richard Hansen, ambaye amechimba bonde la Mirador tangu miaka ya 1980, anaeleza anguko la mji huo kwa kuni hizi. Lipu ya majengo ilizidi kunenepa kizazi hadi kizazi, kwa sababu unene ulikuwa heshima. Misitu ikateketea matanuuni, udongo wa mfinyanzi ukaporomoka na kufunika vinamasi, na tope la vinamasi ndilo lililokuwa likibebwa kurutubisha mashamba. Kufikia mwaka 150 hivi baada ya Kristo, mji ulikuwa umeachwa. Watafiti wengine huupa ukame uzito zaidi, na sioni kwa nini yasiwe yote mawili. Lakini kumbuka jina la Hansen, kwa sababu mtu huyu aliyetueleza vizuri hivyo thamani ya mti ndiye atakayekuwa upande wa pili wa kisa.

Walivyoamka ndani ya hifadhi

Mwaka 1990 serikali ya Guatemala ilitangaza Hifadhi ya Biosfia ya Maya, zaidi ya hekta milioni 2. Watu wa Carmelita hawakuhama hata hatua moja, ila waliamka wakiwa ndani ya hifadhi. Baba zao walikuja kugema. Sasa wao wakatazamwa kama wavamizi. Walijipanga. Mwaka 1995 vijiji viliunda umoja wao, ACOFOP. Mwaka 1996 vita vya ndani vya miaka 36 viliisha kwa mkataba wa amani, na suala la ardhi ya wanyonge likawa mezani. Mwaka 1997 ushirika wa Carmelita ukapewa kibali cha miaka 25 cha kutunza na kutumia karibu hekta 54,000 za msitu.

Kibali kina masharti. Mikangazi huhesabiwa na kuwekwa kwenye ramani kabla ya kukatwa, huangushwa michache sana kwa hekta, na kipande kilichovunwa hupumzishwa miongo kadhaa. Ukaguzi hufanywa na wakaguzi wa nje. Mbali na mbao, kuna majani ya xate, mmea mdogo wa jamii ya michikichi unaoota chini ya miti, yanayosafirishwa hadi Marekani kupambia mashada ya maua. Kuna chikle bado, kidogo. Kuna kiungo cha mapishi kiitwacho olspaisi. Na kuna wageni wa El Mirador, wanaoongozwa na ushirika: mwongozaji, mpishi, mwenye baghala, wote watoto wa kijiji.

Sisi wa pwani ya Kenya tuna kitu kinachofanana. Tangu 1993, jirani na magofu ya Gede, mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua mabuu ya vipepeo yaliyokwisha kuwa pupa kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo. Mkulima anayeuza pupa ana sababu ya kumzuia mwenye shoka. Petén ni hesabu hiyo hiyo kwa ukubwa wa kutisha, na jibu lake linaonekana hata kutoka angani. Maeneo ya vibali yenye watu walioishi humo muda mrefu yamebaki na karibu msitu wao wote. Magharibi yake, Mbuga ya Taifa ya Laguna del Tigre, ambayo kwenye karatasi ina ulinzi mkali zaidi, imepoteza sehemu kubwa ya miti yake kwa moto na ranchi za ng'ombe.

Mipango miwili

Wa kwanza ulikuja mwaka 2002. Serikali ilitoa amri ya kupanua eneo la ulinzi maalumu la Mirador, na mpaka mpya ukapita juu ya vibali vya wanavijiji. Hawakurusha mawe. Walikwenda mahakamani na mikataba yao mkononi, na hatimaye amri ikabatilishwa.

Wa pili uliandikwa Washington. Desemba 2019 Seneta James Inhofe wa Oklahoma aliwasilisha katika Seneti ya Marekani muswada wa kutoa fedha kwa ajili ya bonde la Mirador na Calakmul: ulinzi, uchimbaji wa mambo ya kale, utalii. Hansen aliunga mkono, na kwa miaka mingi alikuwa akieleza wazo lake la treni ndogo ya kuwafikisha watalii kwenye magofu bila barabara. Vijiji, ACOFOP na vyama vya Wamaya walipinga, wakiuliza kwa nini msitu wao unajadiliwa katika bunge la nchi nyingine kabla ya wao kuulizwa. Muswada haukupita.

Hoja ya Hansen ina nguvu na lazima ipewe haki yake. Barabara ikikatwa Petén, nyuma yake huja msumeno, kisha moto, kisha ng'ombe. Treni haina pa kumshusha mfugaji. Tena, anasema, mbao zenyewe zinahitaji njia za malori, na njia za malori huwarahisishia wezi wa makaburi. Wizi huo si hadithi. Vyombo vya udongo vya bonde hili, vyeupe vyenye michoro ya mistari myeusi kama kurasa za kitabu, vimejaa katika makabati ya matajiri na majumba ya makumbusho ng'ambo, na vingi vilitoka kwenye mahandaki ya wezi. Wageni wengi wangeleta pesa nyingi, na mti usingehitaji kukatwa.

Bado nasimama na Carmelita, na sababu yangu ya kwanza ni bei. Mgeni anamlipa mtu wa Carmelita kwa sababu hawezi kufika bila yeye. Anahitaji baghala wake, mpishi wake, macho yake yanayomwona nyoka barba amarilla kwenye majani makavu. Weka reli, na hitaji hilo linahamia kwa mwenye behewa. Hoteli itajengwa kituoni, na mtaji wa hoteli hautatoka kwenye kijiji cha wagema. Kijana aliyekuwa anajua jina la kila mti atapewa sare na sinia. Tikal, magofu mengine maarufu ya Wamaya huko Petén, inafikika kwa lami, na wageni wake kwa mwaka ni wengi mara nyingi kuliko wachache wanaofika El Mirador. Fedha zipo, ajira zipo, lakini wenye uamuzi wako mbali. Calakmul, ng'ambo ya mpaka, ina barabara ndefu ya lami inayopenya msitu hadi karibu na piramidi.

Sababu ya pili ni kwamba mpango ulitaka kumwondolea mlinzi mshahara kabla ya kuonyesha mshahara mwingine. Mbao ndizo zinazolipa doria, shule na dawa. Utalii wa miguu ni nyongeza tu. Kuahidi watalii wa kesho ili uzime mbao za leo, katika nchi ambayo homa moja ya dunia inaweza kufunga viwanja vya ndege kwa miezi kama ilivyotokea mwaka 2020, ni kumwambia mtu ateremke mtumbwini kwa sababu jahazi linakuja. Miezi michache tu baada ya muswada ule kuwasilishwa, viwanja vya ndege vilifungwa kweli.

Kuna mambo ambayo msimamo wangu hauyatatui. Bibi wa miaka 70 wa Kimaya, ambaye mababu zake ndio waliojenga, hawezi kutembea kilomita 80 kuona kazi yao, na helikopta haitamchukua bure. Ushirika una wanachama, na kijijini wapo wasio wanachama. Pato halimfikii kila mmoja kwa kipimo kimoja. Njia za malori ya mbao nazo ni njia, hata zikifungwa baada ya mavuno. Mambo haya yanataka kufanyiwa kazi na ushirika wenyewe, na kuyaficha ni kuwapa silaha wapinzani wake.

Kibali cha Carmelita kimeshaongezewa muda. Agosti 2025 viongozi wa Guatemala, Mexico na Belize walikutana Calakmul na kutangaza ukanda wa pamoja wa Msitu Mkuu wa Maya, hekta milioni 5.7. Mexico ilikuwa imetamani reli yake mpya ya watalii ivuke mpaka. Rais Bernardo Arévalo wa Guatemala akasema haitapita katika maeneo yaliyohifadhiwa.

Jambo moja nimeliacha makusudi hadi sasa, kwa sababu ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Miezi mizuri ya kutembea, ile ya tope kavu, ndiyo hiyo hiyo miezi ya moto. Machi na Aprili wafugaji huchoma nyasi kandokando ya hifadhi, na upepo hauulizi mpaka. Katika miezi hiyo, karibu kila siku kuna mtu wa Carmelita mahali fulani kwenye ile njia ya kilomita 40, na baghala wake na wageni wake. Jioni hulala Tintal, siku ya pili hupandisha wageni juu ya La Danta. Wageni hutazama machweo na kupiga picha. Yeye hutazama upande wa magharibi, na akiona mstari wa kijivu mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, anajua ni upande gani, umbali gani, na nani kijijini apelekewe habari.